Msamaha Niliouza na Mchicha

Nakumbuka siku moja niliuza msamaha wa mama mkwe wangu. Niliutoa pamoja na fungu la mchicha, na aliyenunua nikamwambia asante, karibu tena. Ukisikia hivyo utadhani bibi amechanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Nina akili zangu zote na meno sita, na nitakueleza ilivyokuwa, maana mjukuu wangu Rehema ameniletea karatasi ya maswali, na karatasi yenyewe haina nafasi ya jambo hili.

Rehema yuko chuo. Anasomea namna watu wa familia moja wanavyozungumza na wanavyonyamaziana, na jinsi mila za kila kabila zinavyoingia humo. Mimi niliishia darasa la nne, sikujua kama kuna mwalimu wa hayo. Alikaa hapa barazani kwangu Ngarenaro, kalamu mkononi, akaniuliza, "Bibi, mawasiliano katika familia yako yalikuwa mazuri, ya wastani au mabaya? Chagua kimoja nitie alama."

"Mwaka gani?" nikamwuliza.

"Kwa ujumla tu, Bibi."

"Kwa ujumla hakuna familia, mama. Kuna Jumatatu, kuna Jumanne."

Akacheka, akaikunja karatasi. Nikamwambia aniletee daftari. Haya ninayoandika ni yake, na ni yako pia, mwanangu unayesoma, hasa kama una mpango wa kuoa au kuolewa kwa watu ambao si wa kwenu. Na siku hizi nani anaoa kwao?

Mimi ni binti wa Kirangi, nimezaliwa hapa hapa Ngarenaro. Baba yangu alitoka Kondoa, alikuwa fundi cherehani, na nyumbani kwetu mambo yalisemwa. Ukikosea, unaitwa, unaambiwa mbele ya wote. Ukitaka kusamehewa, unakuja kwa miguu yako, unamshika mkono uliyemkosea, unasema "nisamehe" kwa sauti, hata aliye jikoni asikie. Neno ambalo halikusemwa lilikuwa halipo. Ndivyo nilivyolelewa, nikadhani dunia nzima imelelewa hivyo.

Nikaolewa na Mmeru. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa Anaeli. Aliposilimu ili tufunge ndoa akawa Salimu. Alikuwa dereva wa lori, mrefu, mpole, mwenye meno mazuri. Meno ndiyo yaliyonimaliza. Mama yake alikuwa mjane, mtu wa kanisa, anakaa kule juu Nkoaranga kwenye migomba na kahawa, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kama nguzo ya simu. Siku ya kwanza kupelekwa kwake nilivaa viatu vya kisigino, nikapanda navyo mlima wakati wa masika. Hapo tu nilikuwa nimeshafeli.

Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. Akasema kitu kwa Kimeru, na shangazi zake Salimu wakaziba midomo kwa khanga.

"Amesemaje?" nikamwuliza Salimu.

"Anakukaribisha."

Mwanangu, mwanaume akikutafsiria maneno ya mama yake, usiyapokee kabla hujayapepeta. Nilimkazia macho mpaka akasema kweli. Mama alisema, "Huyu ndiye aliyemvua mwanangu jina nililompa. Na jembe hajui hata pa kulishikia."

Ningenyamaza. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa na ulimi uliochongoka. Nikajibu kwa Kiswahili cha mjini, ili kila mtu aelewe, "Mama, mtoto wako hakuvutwa kwa kamba. Alikuja mwenyewe, na njia aliijua." Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa vyote, maana wakati wa kuondoka kisigino kimoja kilibaki kwenye tope la mama mkwe, na sikurudi kukichukua.

Basi, tukanyamaziana. Salimu akienda kumwona mama yake, anakwenda peke yake, anarudi na ndizi na kimya. Kisha nikapata mimba, na hapo kimya kikaanza kuniuma. Mama yangu mzazi alikuwa ametangulia mbele ya haki. Na kwa Wameru, mwanamke akijifungua mtoto wa kwanza, mtunzaji wake ni mama mkwe. Anamletea maziwa na mtori, anamkanda, anamlisha nyama na mafuta ya kondoo dume aliyefungiwa ndani miezi mingi akilishwa kwa ajili ya siku hiyo tu. Nilijua kabisa kwamba asipokuja yule mama, nitakuwa na kitoto kichanga mikononi na mwanaume wa malori asiyejua kuchemsha hata uji. Nilikuwa naogopa, nakwambia ukweli. Lakini nimwombe? Mimi? Nilisema akitaka amani aje, anishike mkono, aseme kwa mdomo.

Mimba ikiwa ya miezi saba, asubuhi moja akaja wifi yangu Eliwaza. Alikuwa anashuka na ndizi kupeleka sokoni. Akanipa mkungu mmoja, akanipa na kibuyu cha maziwa, na mdomoni mwa kibuyu palikuwa na jani refu la kijani, limefungwa fundo moja katikati.

"Mama amesema nikupe wewe mwenyewe, mkononi," akasema.

"Haya, asante. Mwambie nimepata."

Akasimama kidogo, kama mtu anayengoja chenji. Mimi nikamtazama, yeye akanitazama. Nikamwuliza kama anakunywa chai. Akasema hapana, akaenda zake.

Maziwa nikayamimina kwenye sufuria. Lile jani nikaliona ni kizibo, la kuzuia maziwa yasimwagike njiani. Si hata watu wa mitungi huweka majani juu ya maji? Nikawa nanung'unika mwenyewe: amenitumia ndizi na maziwa kama mtu anayelisha mgonjwa asiyemjua, salamu hata moja hakuna. Wakati huo nilikuwa nauza mboga kidogo hapa barazani, na asubuhi ile kamba za mgomba za kufungia zilikuwa zimeniishia. Nikalichukua lile jani, nikalifungua fundo lake, nikalinyoosha. Lilikuwa gumu, refu, zuri kwa kazi. Nikafungia fungu kubwa la mchicha, nikalipanga mbele ya yote kwa sababu lilipendeza.

Saa sita hivi Eliwaza alipita tena, akirudi kutoka sokoni na kapu tupu. Akaja mpaka karibu na jamvi langu la mboga, akalitazama lile fungu. Nikadhani anataka mchicha. "Chukua wifi, chagua unalotaka." Alirudi nyuma hatua mbili, kama mtu aliyeona nyoka, akageuka akaenda. Nikasema moyoni, hawa watu wa mlimani wana baridi mpaka kwenye damu.

Jioni fungu lile likanunuliwa na jirani yetu, Koko Ruti. Koko ni bibi, ndivyo tulivyomwita mtaa mzima. Alikuwa mzee wa Kimeru aliyehamia mjini kwa mwanawe fundi magari. Mfupi, mkavu, anatembea na fimbo asiyoihitaji. Alichukua mchicha wake, akaenda. Kesho yake kabla sijafagia uwanja, huyo hapo mlangoni, jani lile mkononi.

"Shikamoo Koko."

"Marahaba. Mchicha nimekula. Hili nimekurudishia. Nani alikuletea?"

"Hilo? Kizibo cha kibuyu. Mama mkwe alituma maziwa."

"Kizibo!" Akaketi kwenye ngazi bila kukaribishwa. "Hebu tazama hapa katikati. Unaona mkunjo huu? Palikuwa na fundo. Nani alilifungua?"

"Mimi. Ningefungiaje mchicha jani likiwa na fundo?"

Koko Ruti akaongea taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. Akaniambia jani lile linaitwa isale. Wameru wanalipanda mipakani, na Wachaga nao wanalo. Mtu aliyemkosea mwenzake, na kosa ni zito, humpelekea isale iliyofungwa fundo. Akishapeleka, hasemi tena. Jani ndilo linalosema. Na anayeletewa hakatai, hata kama ameuawa ndugu yake. Mzazi kumpelekea mke wa mwanawe, akasema Koko, yeye na uzee wake hajaliona hilo hata mara moja.

"Mama yule amekuja kupiga magoti kwako," akasema. "Wewe ukampanga kwenye jamvi, ukamwuza."

Nikakumbuka Eliwaza alivyorudi nyuma. Nikajitetea, ndiyo kazi ya ujana. "Sasa Koko, mimi ningejuaje? Mbona yule wifi hakusema? Mdomo anao!"

"Hakusema kwa kuwa kwao ukisema unaharibu. Na wewe hukuuliza kwa kuwa unajiona unajua. Kuuliza 'hili ni la nini' ni maneno mangapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Manne."

"Manne. Wewe unayeongea toka adhuhuri mpaka magharibi, maneno manne yalikushinda." Akanyanyuka. "Unajua kusema, mwanangu, hilo mtaa mzima tunalisikia. Kusikiliza hujaanza."

Maneno hayo yaliniingia mpaka leo hayajatoka. Siku zile nilimwonea hasira. Mtu akikusuta na ana haki, hasira huwa kubwa zaidi.

Salimu aliporudi safari nilimweleza. Alikaa kizingitini, mikono kichwani. "Mama yangu hajawahi kumpelekea mtu isale," akasema. "Hata baba, na walivyogombana."

"Na wewe mbona hukuwahi kuniambia kuna jani la namna hiyo?"

"Nilidhani kila mtu anajua. Utamwambiaje mtu kwamba moshi unatoka kwenye moto?"

Unaona, mwanangu. Watu watatu: mmoja alisema kwa jani, mmoja hakuuliza, na mmoja katikati, anayejua pande zote mbili, akadhani. Ukinitaka nichague mwenye kosa kubwa, ni huyu wa katikati, Mungu amrehemu. Lakini tumbo lilikuwa langu.

Koko Ruti alinipa maagizo. Nisimtume mtu. Nisirudishe jani lile lile, maana aliyelileta ataona nimemkatalia mara ya pili. Nikate jipya, nilifunge fundo kwa mkono wangu, niende mwenyewe. "Na viatu vya chini," akasema.

Nilikwenda. Salimu alinisindikiza mpaka Tengeru, kisha nikamwambia abaki, hili ni letu sisi wawili. Nikapanda kwa miguu, tumbo mbele, tope likinivuta. Na mwanangu, kila shamba nililopita, mpakani pamepandwa isale. Huku isale, kule isale, njia nzima mpaka juu. Siku ile ya kwanza nilipita hapo hapo na visigino vyangu, nikaona majani tu. Nikaomba kwa mama mmoja aliyekuwa anapalilia, nikalionyesha jani kwa kidole. Alinitazama tumbo, akalichagua jani zuri yeye mwenyewe, akakata, akanipa bila kuuliza neno. Wale watu hawaulizi. Fundo nililifunga mimi.

Nilimkuta mama mkwe anamenya ndizi mlangoni. Aliniona tangu mbali na hakuinuka. Nikasema, "Shikamoo mama." Akaitikia, kisu kikaendelea. Nikatoa jani chini ya khanga, nikalishika kwa mikono miwili, nikampa.

Kisu kikasimama. Alilitazama lile fundo, nadhani lilikuwa limefungwa vibaya. Akalipokea, akaliweka mapajani.

Desturi ilikuwa ninyamaze hapo. Koko Ruti alinionya. Lakini mtu haachi alikotoka kwa siku moja. Nikachuchumaa kwa shida, nikamshika mkono wake wenye utomvu wa ndizi, nikasema, "Mama, nisamehe. Nilikujibu mbele ya watu. Na jani lako sikulijua. Nilidhani ni kizibo."

"Unasema tena?" akaniuliza kwa Kiswahili chake kizito. "Jani limeshasema."

"Mama, kwetu jani peke yake ni mboga."

Nilisema hivyo bila kupanga, ndiyo kweli yenyewe. Akanitazama. Kona moja ya mdomo ikaanza kutetemeka, kisha akacheka, kicheko kikavu kama cha mtu aliyekohoa. "Eliwaza aliniambia umeniweka sokoni. Nikasema basi, nijue angalau bei."

"Ulinunuliwa upesi, mama. Ulikuwa fungu zuri kuliko yote."

Akacheka tena mpaka akafuta macho kwa mkono wa nguo. Kisha akainuka, akaniambia nimfuate. Akanipeleka ndani, upande wa nyuma wanakolala mifugo. Kulikuwa na giza na joto, na harufu ya majani mabichi. Hapo ndani amefungwa kondoo dume, mnene, mkia mzito kama mtungi, mbele yake majani yaliyokatwa asubuhi ile ile.

Nikamwuliza, kwa hofu kidogo, "Huyu ni wa nani, mama?"

Nilikuwa nimejifunza. Nikauliza.

"Wa mwenye hilo tumbo. Ulidhani wa nani?"

"Hata baada ya Eliwaza kukuambia?"

"Jani nilituma mara moja," akasema. "Majani ya huyu nakata kila siku."

Alimpigapiga kondoo mgongoni, akasema bila kunitazama, kama mtu anayetaja habari ya mvua, "Ila nasikia dini yenu hamli mpaka achinje wa kwenu. Basi siku ikifika, mwambie Salimu aje na mtu wake."

Salimu. Jina hilo alilitaja mara moja tu, na mpaka anazikwa aliendelea kumwita Anaeli, wala sikumlaumu. Jina la Anaeli alilitafuta yeye. Lakini siku ile alitamka Salimu, mbele yangu, kwa mdomo wake. Mimi nilikuwa nimempelekea lugha ya kwao, naye akanirudishia ya kwetu. Alipokuja kunitunza alikaa miezi mitatu, akanikanda mpaka nikapiga kelele, na hiyo mikono ndiyo iliyompokea baba yake Rehema.

Sasa nakuja kwenye jambo jingine lililonikalisha na daftari. Wiki iliyopita mama yake Rehema alimtumia binti yake sauti kwenye simu, dakika saba nzima, anamweleza yaliyo moyoni. Rehema akamjibu kwa kidole gumba. Kidole! Mama mtu akalia. "Bibi, kidole maana yake nimeelewa na nimekubali," Rehema akaniambia. Kwenu nyinyi, ndiyo. Kwa mama yako, mtoto aliyesikiliza dakika saba na hana hata neno moja, amemfungia mlango. Ni isale na mchicha tena, ila sasa vimo kwenye simu. Nikamwambia, wewe uliyetumwa na chuo kuchunguza mawasiliano ya familia za watu, anza na yenu.

Kwa hiyo nasaha yangu, mwanangu, ni hii, na siipambi. Kila nyumba ina namna yake ya kusema nakupenda, nimekosa, nimechukia, karibu. Wengine husema kwa mdomo, wengine kwa chakula, wengine kwa jani, wengine kwa kukata majani ya kondoo kila siku na wasitamke lolote. Usipime mapenzi ya mtu kwa lugha ya nyumbani kwenu peke yake. Ukipewa kitu usichokielewa, usikifanye kamba ya mchicha. Uliza: hili kwenu ni la nini? Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kulifungua fundo usilojua aliyelifunga. Na wewe unayetuma, usikae mlimani ukingoja kueleweka. Mwenzako hakuzaliwa kwenu. Wanasema asiyejua maana haambiwi maana. Mimi nasema aambiwe! Asipoambiwa atajua lini? Na kama wewe ndiye wa katikati, uliyeoa huku na kuzaliwa kule, kazi ya kueleza ni yako, usijifiche kwenye malori.

Kwenye karatasi ya Rehema tumeweka alama zote tatu, mazuri, ya wastani na mabaya. Mwalimu wake akikataa, aje kwangu.

Pale getini kuna isale. Mama mkwe alikata mche kwake, akaushika magotini mpaka mjini siku alipokuja kunitunza, akaupanda kwa mkono wake kwenye udongo huu wa Ngarenaro wenye mafuta ya gereji, nikasema hautashika. Umeshika. Jana jioni nimemwona Rehema amesimama pale na kisu cha jikoni, anachagua jani. Sikumwuliza neno. Nimemkumbusha tu kwamba mama yake si wa mlimani, jani liende na mdomo uende.

Mungu akupe, mwanangu, ulimi wenye subira na masikio yasiyo na haraka. Akupe mkwe wa kucheka naye. Na ukikosana na mtu ukakosa pa kuanzia, geti langu halifungwi mchana. Njoo ukate.